Mashine ya barafu kwenye boti: maswali tunayoulizwa Tanga kila kukicha

Ukikaa na begi la spana pale kwenye diko la Deep Sea au Sahare, hupiti nusu saa kabla hajaja mtu na sentensi ileile: "Fundi, mashine yangu imeisha gesi." Mara nyingi nikiifungua, gesi naikuta palepale. Kilichoharibika ni maji, chumvi au umeme. Ndiyo maana maswali ya gesi nimeyaweka mbali huku chini, na ningekuomba usiyarukie. Maswali nimeyapa namba ili nisirudie jambo moja mara tatu.

## Mambo ya mwanzo

1. Mashine hii inafanyaje kazi? Mbona friji yangu inapoa vizuri na yenyewe inagoma?

Kwenye kupoza ni ndugu moja. Kompresa inasukuma gesi, kondensa inatoa joto nje, gesi inapita kwenye tundu jembamba la kapilari au valvu, inashuka nguvu na kuwa baridi kali. Friji inaishia hapo. Mashine ya barafu ina kazi ya pili: kuibandua barafu ikishaganda.

Zile ndogo za mezani, zinazotoa barafu yenye tundu katikati, zina vidole vya chuma vinavyochovya kwenye sinia la maji. Baada ya dakika sita mpaka kumi hivi, sinia linageuka, valvu ya gesi moto inafunguka, vidole vinapata joto kidogo, barafu inadondoka na kusukumwa kapuni. Zile kubwa humwagia maji juu ya sahani iliyosimama, na barafu inajijenga tabaka kwa tabaka.

Kwa hiyo mashine inaweza kupoza vizuri kabisa na bado usipate barafu, kwa sababu pampu ya maji haisukumi au valvu ya kubandua haifunguki. Kabla hujaniita, angalia inakwama hatua gani: kuvuta maji, kugandisha, au kubandua. Ukinieleza hilo kwenye simu, nusu ya kazi imekwisha.

2. Nimechukua ya nyumbani nikaiweka kwenye boti. Kuna ubaya?

Itafanya kazi, ila haitaishi sana. Kondensa yake ina mapezi membamba ya aluminiamu yaliyobanwa kwenye bomba la shaba. Hewa ya chumvi inakula aluminiamu ikawa unga mweupe. Ukipitisha kidole mapezi yanabomoka kama mkate mkavu. Pezi likishaachana na bomba, joto halitoki. Zilizotengenezwa kwa ajili ya boti hupozwa kwa maji ya bahari, au mapezi yake yamepakwa rangi ya kuzuia chumvi.

Kama umeshaiweka, iweke ndani, mbali na rasharasha, na upulize kondensa mara kwa mara ili vumbi la chumvi litoke.

3. Barafu za kwanza ni nyembamba kama ganda la yai. Imeharibika?

Hapana. Mizunguko miwili mitatu ya mwanzo huwa hivyo kwa sababu maji bado yana joto. Kilo moja ya maji ya nyuzi 30 inabidi itolewe kilojuli kama 126 ili ishuke mpaka sifuri, halafu nyingine 334 ndipo igande. Ukianza na maji ya nyuzi 10 unaiokolea mashine karibu asilimia 18 ya kazi yote. Wakati wa kaskazi, dumu lililoachwa juani juu ya sitaha ni adui mkubwa kuliko fundi mbaya. Liweke kivulini, lifunike gunia bichi.

Ikiendelea kutoa nyembamba baada ya saa nzima, nenda swali la 9.

## Umeme

4. Haiwaki kabisa, hata taa. Nianzie wapi?

Fyuzi, breka, plagi. Halafu viungo vya waya, na hapo ndipo wengi wanapochoka mapema.

Kaskazi iliyopita niliitwa Raskazone kwenye boti ya watalii, ile ya mizunguko ya visiwa vya Toten na Ulenge. Mwenyewe alikuwa ameshaagiza kompresa mpya kutoka Dar. Betri ilisoma voti 12.7, safi. Nikaweka mita kwenye ncha za mashine yenyewe: 12.6. Kompresa ilipojaribu kuamka, mita ikaporomoka mpaka 9.9, ikasikika "tik", kimya. Nikaufuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya ubao wa swichi, nikakuta kiungo kimezungushiwa tepu nyeusi. Kuibandua, shaba ndani imegeuka unga wa kijani. Nyuzi zilizokuwa bado zinashika hazikuzidi tatu. Tulikata, tukabana kiungo kipya, tukakifunika kwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Kompresa ya Dar iko stoo mpaka leo.

Kwa hiyo pima voti kwenye mashine, si kwenye betri, na upime wakati mzigo unavuta. Voti za mashine iliyozimwa hazikwambii kitu.

5. Inaunguruma sekunde chache, inazima, inajaribu tena. Hiyo ni kompresa imekufa?

Inaweza, lakini anza na voti kama nilivyoeleza juu. Kompresa inapoamka inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapotembea. Inveta ndogo au waya mwembamba utaonekana hapo tu.

Kama mashine yako ni ya betri na kompresa yake ni Danfoss BD (siku hizi zinauzwa kwa jina la Secop), ule ubao mdogo ubavuni mwake unasema ugonjwa kwa kumeta kwa taa. Kumeta mara moja ni voti za betri zimeshuka. Mara mbili, feni inavuta kupita kiasi. Mara tatu, kompresa imeshindwa kuamka. Mara nne, inazunguka polepole mno. Mara tano, ubao wenyewe umepata joto. Taa hiyo wakati mwingine haikufungwa kiwandani, lakini mahali pake papo na fundi anaiunga kwa dakika tano. Kwa mpangilio wa kawaida ubao hukata umeme voti zikifika 10.4 kwenye betri ya 12, na hauwashi tena mpaka zirudi 11.7. Ndiyo maana watu husema "inajiwashia inapotaka."

Za umeme wa 230, angalia kapasita na rilei ya kuamshia. Hivyo ni vitu vya bei ndogo, na hufa mapema kuliko kompresa.

6. Umeme wa jenereta ukikatika na kurudi, mashine inagoma. Kwa nini?

Gesi ndani bado imebana upande mmoja na kompresa haiwezi kuusukuma mlima ule. Subiri dakika tatu mpaka tano, kisha washa. Anayewasha na kuzima kwa hasira ndiye anayeunguza koili.

7. Nimeletewa mashine kutoka Marekani, imeandikwa voti 115, hezi 60. Nikitumia transfoma itafaa?

Transfoma inashusha voti tu, hezi hazibadiliki. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo mota ya kawaida itazunguka polepole kwa kama asilimia 17, feni na pampu vilevile, na koili inapata joto zaidi. Nyingine zinavumilia, nyingine zinaungua ndani ya wiki. Soma kibati cha nyuma: kikisema 50/60, huna shida. Kikisema 60 peke yake, tafuta inveta inayotoa hezi 60 mawimbi safi, au iuze kwa mwenye yoti ya Kimarekani anayepita njia. Sitanii, wapo.

## Maji safi

8. Taa ya "ongeza maji" inawaka na tangi limejaa pomoni.

Boya limenasa, chujio limeziba, au pampu imemeza hewa. Zima, toa maji yote, safisha chujio kwa mswaki, jaza tena polepole huku ukiinamisha mashine kidogo ili hewa itoke. Boti ikiwa imelala upande mmoja, sensa inaweza kubaki kavu ingawa tangi lina maji. Zungusha mashine ikae sambamba na urefu wa boti.

Kuna jambo moja lilinisumbua siku nzima kabla sijalijua. Baadhi ya sensa hutambua maji kwa kupitisha umeme mdogo ndani yake. Kijana mmoja alikuwa anakinga maji ya kiyoyozi, masafi kama ya betri, ndiyo anayomwagia. Maji yasiyo na madini hayapitishi umeme, kwa hiyo mashine ilikuwa inaapa tangi ni tupu. Tukaongeza glasi mbili za maji ya bomba, ikakubali. Maji ya kiyoyozi hayafai kunywa hata hivyo. Yamepita kwenye vumbi lote la mapezi.

9. Barafu ni ndogo, nyeupe, au inayeyuka upesi.

Weupe peke yake si ugonjwa: ni hewa na madini yaliyonaswa, na mashine za vidole hazijawahi kutoa barafu ya kioo. Udogo ndio wa kushughulikia. Angalia kwa mpangilio huu: maji yana joto (swali la 3), kondensa ina vumbi au imesukumwa ukutani haipati hewa, maji ya bahari hayapiti vizuri (swali la 13), magadi, yaani ukoko wa madini ya maji, kwenye vidole (swali la 11). Gesi pungufu inakuja baada ya hivyo vyote, na ina dalili zake, zipo swali la 14.

10. Barafu ina chumvi! Kondensa imetoboka maji ya bahari yameingia?

Hofu hiyo naielewa, lakini njia haipo. Maji ya bahari yanapita kando ya bomba la gesi, hayakutani na maji ya kunywa. Kondensa ikitoboka, bahari inaingia kwenye gesi na kompresa inakufa; glasi yako haionji kitu. Chumvi kwenye barafu inatoka kwenye tangi la boti: kifuniko cha sitahani hakibani, bomba la kupumulia linapigwa na mawimbi, au maji yenyewe ni ya kisima cha karibu na ufuko. Onja maji ya tangi kabla hujafungua chochote.

11. Kusafisha magadi natumia nini, na mara ngapi?

Unga wa asidi ya limau au siki nyeupe kwa mashine ndogo. Changanya na maji ya vuguvugu, acha izunguke bila kugandisha kama ina kitufe cha kusafisha, kisha suuza mara tatu na utupe barafu ya mzunguko wa kwanza. Kwenye zile kubwa soma kwanza: sahani iliyopakwa nikeli inataka dawa isiyodhuru nikeli, vinginevyo ngozi yake inabanduka na kuelea kwenye vinywaji vya wageni. Anayetumia maji ya kisima asafishe kila mwezi.

Usichanganye siki au asidi na dawa ya klorini ya kufulia. Hutoa gesi ya klorini, na chumba cha chini cha boti hakina pa kukimbilia.

12. Naweza kumwagia maji ya bahari moja kwa moja?

Kwa mashine hizi, hapana. Maji ya bahari yanaanza kuganda kama nyuzi 1.8 chini ya sifuri, na barafu yake inakuwa laini, imejaa maji ya chumvi katikati. Pampu na vidole havikutengenezwa kwa chumvi. Zipo mashine za meli za uvuvi zinazogandisha maji ya bahari, lakini hizo ni ukoo mwingine na bei nyingine.

## Maji ya bahari ya kupozea

13. Kompresa inatembea, kondensa moto haishikiki, barafu hakuna. Jana ilikuwa nzima.

Tazama ubavuni mwa boti kwanza, pale maji ya kupozea yanapotokea. Maji yanatoka? Yanatoka kwa nguvu, au yanadondoka kama bomba la mtaani mchana?

Kama hayatoki, funga koki ya bahari, fungua chujio. Utakuta majani ya bahari, kipande cha mfuko, wakati mwingine kiwavi wa baharini amesagika. Chujio likiwa safi, fungua koki kidogo uone kama bahari inaingia yenyewe. Isipoingia, tundu la chini limeziba vigamba, na hapo inabidi mtu azame au boti ipandishwe.

Kwa Tanga kuna sababu moja inayonipatia kazi kila bamvua. Maji yanakupwa sana, boti inakaa mchangani, bomba linajimwaga, pampu inabaki na hewa. Maji yakijaa boti inaelea, mwenyewe anawasha, pampu inazunguka bure. Pampu nyingi za kupozea mashine hizi haziwezi kuvuta maji zikiwa na hewa. Zinataka maji yawe yameshazifikia. Legeza klipu ya bomba upande wa kutokea, acha hewa ipumue mpaka maji yabubujike, kaza. Dakika tatu. Nimeitwa kutoka Chumbageni mpaka Sahare saa nne usiku kwa dakika hizo tatu, na nauli ya bodaboda ilizidi ufundi wenyewe.

Kondensa ya maji ya bahari mara nyingi ina kipande cha zinki kilichofungwa kama boliti. Kinaliwa badala ya bomba. Kikifika nusu, badilisha. Kikiisha, bahari inaanza kula bomba lenyewe.

## Gesi

14. Fundi kasema gesi imeisha. Nijaze?

Tanga ndiko waja leo waondoka leo. Gesi haina tabia hiyo. Haitumiki ikaisha kama mafuta ya injini. Inazunguka ileile miaka na miaka. Ikipungua, kuna tundu, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia miezi miwili.

Nasema hivi nikiwa nimekosea mwenyewe. Boti moja ya ringneti niliijazia gesi, ikatoa barafu vizuri, nikalipwa. Baada ya wiki sita ikarudi. Nikajaza tena, nikiwa na haraka. Ya tatu ndiyo nikaona haya, nikaketi chini na tochi. Bomba la kapilari lilikuwa linagusa pembe ya kibati, na mtetemo wa injini ulikuwa umelisaga mpaka likatoka tundu la ncha ya sindano. Lilikuwa na alama ya mafuta kuzunguka, giza kama doa la jasho. Hilo ndilo la kutafuta: gesi hutoka na mafuta ya kompresa.

Dalili za gesi pungufu ni hizi: vidole vya mwanzo vinaganda, vya mwisho vinabaki na maji, kompresa haipumziki, kondensa ni vuguvugu tu badala ya moto. Fundi anayejua kazi ataweka naitrojeni, atapaka povu la sabuni, ataziba, atabadilisha filta draya (kichujio kinachonyonya unyevu), atavuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu, kisha atapima gesi kwenye mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibati. Mashine ndogo hubeba gramu chache sana, kwa hiyo "kujaza kwa kukisia" huku unagusa bomba ni kubahatisha.

15. Inatumia gesi gani, na naweza kuweka nyingine?

Imeandikwa kwenye kibati: R134a, R404A, R600a, R290. Usichanganye na usibadilishe. R404A yenyewe ni mchanganyiko, hivyo huingizwa ikiwa kimiminika.

R600a na R290 zinawaka moto, na zote ni nzito kuliko hewa. Nyumbani dirisha linatosha. Kwenye boti zikivuja zinashuka ngamani, chini kabisa ya boti, na kutulia pale, pengine pamoja na mvuke wa petroli. Mashine ya gesi hizo iteremshwe nchi kavu kabla mtu hajawasha mtungi wa kulehemu. Fundi akikwambia "haina neno, nitawahi," mpe maji ya kunywa na umruhusu aende.

## Barafu imeganda, haitoki

16. Zimeng'ang'ania vidoleni. Nizigonge?

Usiguse kwa bisibisi wala kisu. Tundu moja kwenye kidole na mashine yote imekwisha. Zima, acha ziyeyuke.

Kisha sikiliza wakati wa kubandua: valvu ya gesi moto inapofunguka inatoa mlio mfupi, halafu mchirizo wa gesi. Kimya kabisa maana yake koili ya valvu imekatika au ubao hautumi umeme. Mita itakwambia ni lipi. Mlio upo lakini barafu haitoki, ni magadi (swali la 11).

17. Taa ya "kapu limejaa" inawaka na kapu ni tupu.

Futa macho mawili ya sensa kwa kitambaa laini. Yakiwa safi, angalia jua: mwanga mkali ukiingia kwa dirishani unaichanganya.

## Visa vya pembeni

18. Bandarini inafanya kazi, tukitoka inagoma.

Ni moja kati ya matatu: maji ya tangi yanayumba na sensa inaona hayapo (swali la 8), boti ikilala tundu la bahari linatoka majini na pampu inameza hewa (swali la 13), au injini inatetemesha kiungo kibovu (swali la 4). Mpe mtu kazi ya kukaa nayo safari nzima na kuandika taa ipi inawaka, na wakati gani.

19. Imepigwa na wimbi, imelowa maji ya chumvi.

Usiiwashe ili "ijikaushe." Chomoa, suuza kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) ndani na nje, hata ubao, toa maji, ianike kivulini penye upepo siku mbili. Maji baridi hayauui ubao usio na umeme. Chumvi ndiyo inayoua.

20. Itanitosha kuhifadhi samaki?

Hapana, ndugu yangu. Kwenye joto letu unahitaji kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na hiyo ni kwa sanduku lenye ukuta mzuri. Mashine ya mezani ikijitahidi inatoa kilo 12 hivi kwa siku. Jodari mmoja mkubwa anaimaliza. Beba barafu ya mawe kutoka nchi kavu, vunjavunja, panga tabaka. Mashine iwe ya soda na maji ya wageni.

21. Nitengeneze au ninunue nyingine?

Pampu, valvu, sensa, feni, kapasita: tengeneza. Kompresa ya mashine ndogo ya mezani ikifa: nunua nyingine, na ile ya zamani nipe mimi ya spea. Ya boti yenyewe, ya kupozwa na bahari, inastahili kompresa mpya kama kondensa bado nzima.

22. Kusi limeingia, boti inapandishwa miezi mitatu. Niiacheje mashine?

Mwaga maji yote safi, kausha, acha kifuniko wazi ili isiote kuvu. Upande wa bahari pitisha maji baridi mpaka yatoke bila ladha ya chumvi, kisha mwaga. Funga koki ya bahari. Halafu chukua kitambaa chekundu ukifunge kwenye swichi ya mashine, ili siku boti inashushwa asitokee kijana mwenye kiu akaiwasha koki ikiwa bado imefungwa.